Nimempima Binti Yangu Aliyekatazwa Mzani

Ni mimi, mama mshauri, nani mwingine. Wiki iliyopita nilikutumia ujumbe wa mstari mmoja, nikauliza mtu mzima anayegoma kula analishwaje, na leo gazetini umenijibu kwa swali, umesema kabla hujanishauri lolote nikwambie huyo mtu ni nani kwangu na nani alimwambia neno juu ya mwili wake. Basi huyo mtu ni binti yangu, kifungua mimba wangu, ana miaka kumi na tisa, nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu tangu anajifunza kutembea alikuwa anatupangia sote pa kukaa, na aliyemwambia neno ni mimi baba yake, nimemwambia mara mbili, ya kwanza kwa kujisifu na ya pili kwa furaha, na hiyo ya pili ndiyo inayoniua.

Naandika kama ninavyoongea, utanisamehe, shule niliishia darasa la tano, mimi na mwalimu wa hesabu tulikubaliana kwamba hatufai kuwa chumba kimoja. Lakini namba nazijua kuliko yeye maana ndizo zinazonilisha. Mimi ndiye yule jamaa wa mzani pale nje ya kituo cha mabasi, kwenye kona ya duka la dawa, nina mzani mmoja, stuli moja na mdomo, na mdomo ndio mtaji mkubwa. Mtu anapanda, mimi naitangaza kilo yake kama matokeo ya mpira. Panda mzee, mzani huu haujui cheo. Kaka, toa hizo funguo mfukoni, unataka tukupime pamoja na milango yako. Mwembamba namwambia upepo ukija ashike nguzo, mnene namwambia hongera, kwako sufuria haijawahi kulala njaa. Watu wanacheka, anayecheka naye anapanda, siku inaisha. Wote wanaondoka wanacheka, au ndivyo nilivyoona, maana sikuwahi kumfuata mtu mpaka kwake nione kama akifika bado anacheka.

Mwaka jana Bosi akapita pale na wenzake wawili wa chuo cha ushonaji, nikamwita, njoo Bosi uwafungulie watu njia, akasema baba tunachelewa, nikasema dakika moja tu, unaniaibisha mbele ya wateja. Akavua viatu akapanda. Namba siiandiki hapa, kuna mtu amenikataza na nitakwambia ni nani, ila siku ile niliitangaza mpaka wauza magazeti ng'ambo ya barabara wakageuka, halafu nikaongeza, mnaona, kwangu watu wanakula. Mama mshauri, nilikuwa najisifu mwenyewe. Mimi nimekulia nyumba ambayo chakula kilikuwa kinapigiwa hesabu kwa macho kabla hakijatua, kwa hiyo mtoto mwenye mashavu kwangu ni cheti, nilikosa cha shule nikapata hicho. Watu wakapiga makofi. Bosi naye akacheka, akashuka, akavaa viatu, wakaondoka, nikasema moyoni huyu mtoto hana makuu, kachukua kwa baba yake.

Baada ya hapo akaanza kula kwa rafiki. Kila siku amekula kwa rafiki, nikamwambia mke wangu hao marafiki tuwapelekee zawadi, wanatusaidia sana. Jikoni ndiyo hatoki, anapika vizuri, anatupakulia sisi sahani zinafurika, yake ni vijiko viwili anavisukuma ukingoni mwa sahani mpaka tumalize. Anavaa sweta saa sita mchana. Mama yake ndiye aliyeona, siku moja akaupekua mkoba wake wa kushonea akakuta vipande vyembamba vya kitambaa, vimekatwa kama utepe, kila rangi ya sketi yake imo, mtoto alikuwa anajipunguzia nguo mwenyewe kwa cherehani kila wiki ili tusione zinavyomning'inia. Akaniletea vile vipande mkononi. Nikasema mwache, tumbo litamrudisha mezani lenyewe. Ndiyo nilisema hivyo. Mwezi uliofuata mwalimu wake alitupigia, Bosi kaanguka juu ya cherehani, na sindano bado inakwenda.

Hospitali daktari alinitajia kilo zake pembeni, akampima moyo, akasema unapiga polepole kama wa mtu aliye usingizini, mikono imeota vinyweleo kwa baridi, mambo yake ya kila mwezi yalikwisha zamani na hakutuambia. Nikaomba dawa ya hamu ya kula. Daktari akasema baba huyu hana shida ya hamu, huu ni ugonjwa, unakaa kichwani na unaua mwilini, na watu wa kumshika wako watatu, mimi, mwanasaikolojia, na mtaalamu wa lishe. Niliposikia lishe nikacheka kidogo, nikawaza kumbe kuna mtu analipwa mshahara kufundisha watu kula, kazi hiyo ilinipitaje.

Mama mshauri, nimeiona hiyo kazi, sicheki tena. Chumba chake ni kidogo, dirisha linatazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi, kuna meza yenye kitambaa cha plastiki, viti vitatu, na mzani umegeuzwa ukutani, kioo chake kimebandikwa plasta. Dada wa lishe akamwambia Bosi apande kinyumenyume, mgongo kwenye kioo, akainua plasta, akaandika, akafunga faili. Bosi akauliza ngapi. Dada wa lishe akasema, "Hiyo ni kazi yangu mimi. Kazi yako wewe ni ya saa nne asubuhi." Maana alimpangia chakula kwa saa kama dawa, mara tatu chakula na mara tatu kitu kidogo katikati, yasipite masaa matatu, awe na njaa asiwe nayo, alisema kengele ya njaa ya mtu huyu imekatika waya, kwa sasa tutaigonga kwa mkono mpaka ijirudie. Mimi nilitaka ajaziwe sahani siku hiyohiyo, akanizuia, akasema mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukiujaza ghafla chumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama, hivyo tulianza na kidogo, damu ikawa inapimwa kila baada ya siku chache, sahani inapanda taratibu. Akamwambia aandike vyakula anavyoviogopa kuanzia anachokiogopa kidogo. Siagi ilikuwa ya mwisho. Nilimtazama mwanangu, mtu asiyeogopa mbwa wala radi, anaogopa siagi.

Na sisi wazazi akatupa yetu. Tukae naye mezani, tule anachokula, tuongee habari yoyote isiyo ya chakula wala ya mwili wa mtu, asisifiwe kwa kumaliza, asipigiwe makofi, kilo zake tusizitaje kwa mtu yeyote, akimaliza tusimwache peke yake saa nzima. "Na usimwambie amenawiri, hata kama amenawiri," akanitazama mimi. "Wewe utasema umenawiri kwa mapenzi. Ugonjwa utasikia umenenepa." Halafu akauliza nyumbani kuna mzani.

Nikasema hakuna.

Akauliza kazi yangu, nikasema biashara ndogondogo. Niliogopa ataniambia niache kazi, sina nyingine. Mke wangu akaangalia viatu vyake. Bosi akaniangalia mimi. Mzani wangu siku zote unalala kwenye gunia nyuma ya kabati, yeye anajua, mimi najua, na siku ile nilimfundisha kwamba mle chumbani kuna vitu tunaweza kuficha.

Wiki tisa mambo yalikwenda. Siku ya siagi dada wa lishe alileta mkate wake mwenyewe, akapaka vipande viwili, wake na wa Bosi, wakala pamoja. Bosi alilia kuanzia tonge la kwanza mpaka la mwisho, na yule dada hakumnyamazisha wala hakuondoa sahani, alikuwa anasimulia tu habari za fundi aliyemzibia paa, likavuja tena, akadai mvua ndiyo mbovu. Nyumbani mezani kazi yangu ilikuwa mdomo, na hiyo naiweza, nilisimulia vituko vya kituo cha mabasi mpaka chai inapoa. Wiki ya saba Bosi akamuuliza mama yake, mama, kuna ndizi imebaki? Mke wangu akampa, akatoka uani kuanua nguo. Hatukuwa tumeanika nguo siku hiyo.

Jumamosi moja mama yake katoka, Bosi akaja kunisimamia mlangoni. Akasema baba nipime. Nikasema dada wa lishe hataki. Akasema, "Dada wa lishe hajui una mzani." Nikaangalia kabati. Akasema, "Unapima dunia nzima, mimi nimekukosea nini? Nijue tu nipo wapi, nitulie. Iwe ndogo iwe kubwa nitaendelea kula, naapa baba." Nikalivuta gunia. Hata kumgeuza mgongo sikumgeuza. Akapanda, nikapiga goti kama ninavyopigia wateja, nikasoma, imepanda, mama mshauri, imepanda vizuri, na mimi furaha ikanichukua, nikapiga kofi moja kubwa nikataja kilo na alizoongeza, nikasema huyo ndiye Bosi wangu, umenawiri mwanangu. Akasema asante baba. Akashuka polepole kama sakafu ina moto. Akasema usimwambie mama.

Leo Jumatano ni siku ya kumi na moja. Siku mbili tatu za kwanza mkate ulikuwa unaishia kwenye leso ndani ya mkoba, sasa hata hajisumbui kuficha, anakaa mezani kafunga mdomo, anakunywa maji na chai ya rangi. Mimi nasimulia vituko nasikia sauti yangu peke yangu. Jana kliniki dada wa lishe ameona chumvi za damu zimeshuka, akamuuliza kwa upole nini kimetokea, Bosi akasema hakuna, mke wangu akasema hakuna, yeye kweli hajui, mimi nikahesabu vigae vya dari. Yule dada akasema, "Kuna kitu sikijui. Nisipokijua nitabadilisha mpango ambao labda haukuwa na kosa." Akaanza kufuta karatasi yake mbele yetu, anajilaumu yeye. Amesema isipobadilika mpaka Jumatatu analazwa, atawekewa mpira wa chakula puani.

Sasa msaada ninaouomba ni huu. Mzani wa aina yangu una kigurudumu pembeni, cha kurekebishia sifuri, ukikizungusha kidogo namba inashuka. Miaka kumi na miwili sijawahi kukizungusha kumwibia mtu hata nusu kilo. Nimefikiria nikizungushe, nimwambie Bosi siku ile mzani ulikuwa mbovu, panda tena, aone namba ndogo, roho yake itulie, ale. Mtoto ataishi na hakuna aliyeumia. Au nikaseme ukweli kwa dada wa lishe na kwa mke wangu? Nikisema, Bosi hataniamini tena mpaka naingia kaburini, mke wangu sijui, na nitafukuzwa pale mezani ambapo ndipo mahali pekee ninapomfaa. Mimi ni mtu wa kucheka, hata sasa naandika huku nimetoka kumtania mteja, lakini nikiona anavyokishika kikombe kwa mikono miwili kama bibi kizee, sina utani uliobaki. Nikizungushe au nisikizungushe?

Jamaa wa mzani

JIBU

Usikizungushe. Mengine utayasoma ukirudi.

Barua yako umeiacha hapa ofisini Alhamisi asubuhi, namba ya simu umeiandika chini kwa herufi kubwa, nimekupigia mara tatu hupokei, nikakutumia ujumbe: mpeleke hospitali leo, usingoje Jumatatu. Nauandika tena hapa kwa wasomaji wengine. Binti anayeishi kwa maji na chai siku kadhaa, mwenye moyo ulioanza kuchoka zamani, si jambo la kungojea gazeti litoke. Anapelekwa. Akigoma, anapelekwa huku amegoma.

Sasa tuongee, kaka. Umenichekesha mahali nisipotaka kucheka, na najua ndiyo kazi yako, ila hapa huniuzii. Hicho kigurudumu unachokiita huruma ni nini hasa? Utamwonyesha namba ndogo ili ale. Maana yake umemthibitishia kile kile ugonjwa unachomnong'oneza, kwamba namba ndogo ndiyo ruhusa ya kula. Na akila namba itapanda, hakuna namna nyingine. Utazungusha tena? Utazungusha mpaka lini, mpaka mzani useme hayupo?

Nimezungumza na mtaalamu wa lishe ninayemfahamu, nikamsimulia bila kukutaja. Kwanza nikupe lililo la kukushika mkono. Amesema baba hampi mtu ugonjwa huu kwa kutangaza kilo mara moja barabarani. Umetania mamia ya watu, wengi walikwenda kwao wakala wakalala. Ugonjwa huu una mizizi mingi, mingine hata haionekani. Kwa hiyo usijifanyie makazi ndani ya kosa lako, hapo utakuwa umemwachia mkeo mgonjwa peke yake. Lakini ugonjwa ukishakuwepo, maneno yanaulisha, na wewe uliulisha na sahani ikafurika. Na aliyekuja kusimama mlangoni akakuomba umpime hakuwa Bosi tu. Ugonjwa ulikuwa umemtanguliza yeye aombe, kwa sababu ulijua humkatalii. Ndiyo maana wenzako wa hospitali walibandika plasta.

Lililonikasirisha zaidi ni lile "hakuna". Umeiona kazi ya yule dada, umeieleza vizuri kuliko wengi wenye digrii, kisha ukamwacha afanye kazi gizani. Mtaalamu wa lishe hana mashine ya kuona ndani ya nyumba yako. Ana sahani, saa, damu iliyopimwa, na maneno mnayomwambia. Ukimpa neno la uongo anampangia mtu mwingine, si binti yako. Na sasa anafuta mpango uliokuwa unamponya mtoto wako, wewe unahesabu vigae. Aibu hiyo ni yako, ibebe, halafu uitue mahali panapofaa.

Utafanya hivi. Mkeo mwambie kabla hamjaingia kwa dada wa lishe, asiyasikie mbele ya mgeni. Dada wa lishe mwambie matatu: kazi yako, gunia nyuma ya kabati, na Jumamosi ile, pamoja na maneno uliyoyasema kama ulivyoyasema. Na Bosi mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, kwamba siri mliyokuwa nayo umeivunja. Usiombe akuelewe. Usimfanyie kichekesho. Mzani kuanzia leo unalala duka la dawa au popote penye kufuli lisilo lako. Wakisema alazwe, usibishane, na huo mpira wa puani si adhabu, ni njia ya kupitisha chakula wakati mlango mwingine umefungwa. Kazi hawatakunyang'anya, ulijitisha mwenyewe.

Unaogopa binti atakuchukia. Huenda. Achukie, mradi yupo wa kuchukia.

* * *

Kabla ukurasa huu haujaenda mitamboni, Jumanne saa tano asubuhi, jamaa wa mzani alifika ofisini na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Sikuibadilisha.

Mama mshauri, simu sikupokea kwa sababu nilidhani ni mtu wa kunidai. Ujumbe niliuona saa tisa, nimepiga goti, mteja yuko juu ya mzani anasubiri nitangaze. Nikamwambia kaka soma mwenyewe, nikafunga.

Mke wangu nilimwambia kwenye benchi nje ya maabara, Bosi yuko ndani anatolewa damu. Nilidhani atanyanyuka. Akakaa tu. Akasema, "Uliposema hakuna mzani mimi nilikuwa pale, baba Bosi. Niliangalia viatu. Tuko wawili." Halafu akasema sijui kama nitakusamehe, shika huu mkoba.

Dada wa lishe alinisikiliza kalamu iko mezani. Nilimpa yote matatu, nikangoja matusi. Akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuomba mzani ulale kwingine. Basi." Nilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa hilo. Wiki zote hizo, kumbe hofu yangu yote ilikuwa inazuia ombi la sentensi moja. Akachukua ile karatasi aliyoifuta akaanza kuiandika upya, akaniuliza maneno yangu ya Jumamosi, akayaandika nayo, hata lile kofi.

Bosi amelazwa siku hiyohiyo. Nilimwambia mwenyewe kama ulivyosema. Akasema, "Nilikuamini wewe tu." Akageukia ukuta. Leo ni siku ya tano, mpira upo puani, daktari akija anasikiliza moyo muda mrefu kuliko ninavyopenda, nikimuuliza anasema tunaendelea. Hasemi zaidi, na mimi nimejifunza kutomlazimisha mtu anitajie namba.

Hawakunifukuza mezani. Dada wa lishe amenipangia saa saba mchana. Naletewa sahani sawasawa na yake, wali, maharage, nusu ya ndizi, nakaa upande ambao ameupa mgongo, nakula yangu mpaka iishe, naongea habari nyingine. Siku ya kwanza nilimsimulia juu ya mtu aliyepanda mzani na kuku wake akataka tumtoe kuku kwa hesabu ya kichwa. Hakugeuka. Siku ya pili nilisimulia ile ya fundi wa paa. Sahani yake inarudi jikoni kama ilivyokuja, kila siku, hata maharage hayajasogea. Jana nilimuuliza dada wa lishe nje kwenye korido, hivi ninachofanya kinasaidia? Akasema, "Sijui bado. Kesho saa saba uwepo." Kula ukiwa huna hamu huku mwanao hali, mama mshauri, kila tonge linakwama, nalisukuma na maji. Mke wangu anasema sasa ndiyo umejua Bosi anavyojisikia na kila tonge.

Sijui kama atatoka. Siwezi kuwadanganya watu gazetini.

Sasa wewe unayesoma, nina biashara na wewe, na hii si ya stuli wala kioo. Binti yangu akitoka, utakutana naye. Wengi mnanijua, mnamjua, mtamwona dukani, mtamwona kwenye foleni, na mdomo utakuwasha, utataka kusema mama umeisha hivi, au utataka kusema sasa umenawiri, umependeza, ulikuwa umekonda sana. Najua unavyowasha, mimi ndiye niliyeugeuza kazi. Basi uuzuie. Mwambie habari ya asubuhi. Muulize anashona nini. Mwambie mvua imekuja au haijaja, upite.

Mimi kwa upande wangu, ukija pale kona ya duka la dawa nitakusomea namba yako sikioni, au nitakugeuza mgongo ukitaka, na nikikukuta barabarani juu ya mwili wako sitasema neno, uwe umepungua, uwe umeongezeka, uwe umebeba mapacha. Mdomo wako kwa mdomo wangu. Bei ndiyo hiyo, haipungui. Saa saba inakaribia, sahani zinatoka jikoni kwa wakati, nijibu haraka niondoke: tumekubaliana?